Mtu Tuliyemweka Kwenye Picha

Idi mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, na kesho tutapeana nyingine pale kwenye basi la Gitega, kwa hiyo hapa sizirudii. Umekwenda kuwaaga shangazi zako na naona mvua imekukamata huko. Mimi nimefunga studio. Umeme umekatika tangu mchana, kazi haifanyiki, nikaona nichukue kalamu. Afadhali umekatika. Umeme ungekuwepo ningejishughulisha na picha za pasipoti za watu mpaka jioni, nawe ungeondoka bila neno langu.

Habari za kula, za kufua na za kuchagua marafiki nimeziacha. Hayo utayajua au utafundishwa na njaa. Nataka kuzungumza juu ya ile picha.

Unaijua ninayoisema. Uliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta yetu wiki ile mliyopewa diploma: wewe umesimama mbele ya ukuta wa shule na koti la kuazima, na baba yako yuko kando yako, mkono wake begani mwako. Ukaichapisha kubwa, ukaitia fremu, ukaitundika sebuleni nilipokuwa sokoni. Niliporudi nilisimama mlangoni na mfuko wa mihogo mkononi, nikaitazama, nikasema, "Iondoe."

Ukauliza, "Kwa nini, mama?"

"Iondoe tu."

Uliiondoa. Hukuuliza tena, na tangu siku hiyo mimi na wewe tunaongea habari za maji na chumvi.

Majirani wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, Idi. Tangu tulipomzika baba yako mimi ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi. Upo, unauona, lakini ukiubonyeza hausikii kitu. Ile picha haikunikasirisha wala haikunihuzunisha. Nilisimama pale nikingoja nisikie lolote, sikusikia. Ndiyo maana sikuwa na jibu la kukupa. Leo nitajaribu, lakini jibu lenyewe linapitia Mwakiro, kwa mama Spesioza, yule unayemkumbuka kwa maparachichi yake tu.

Lazima nianze na kazi. Wewe sasa unaijua kuliko mimi, na hao watu wa Gitega wamekuajiri kwa sababu hiyo, lakini hujui ilivyoingia nyumbani kwetu. Kamera niliishika Tanzania, nikiwa msichana katika kambi ya wakimbizi, kwa mzee mmoja wa Ngara aliyekuwa akija kupiga picha za harusi na ubatizo. Tuliporudi kupitia mpaka wa Kobero, mimi na bibi yako, watu walikuwa wakishuka kwenye malori na magodoro na masufuria, na karibu hakuna aliyekuwa na picha. Walizikimbia nyumba usiku. Nani angekumbuka albamu? Miaka ilipita, nikaolewa na baba yako, tukafungua studio mbele ya nyumba, na cherehani yake nyuma ya pazia, na ndipo watu wakaanza kuniletea vipande. Kitambulisho cha marehemu kilicholiwa na mende. Picha ya kikundi cha kwaya ambamo kaka amesimama mstari wa nyuma kabisa. Wakasema: mama, niweke karibu na huyu.

Nilijifunza kuwaweka. Kila picha inakaa kwenye tabaka lake, moja juu ya nyingine kama karatasi za plastiki, na opasite ndiyo inayoamua ile ya juu iwe nzito au nyepesi kiasi gani. Ikiwa mia kwa mia, inafunika kila kilicho chini yake. Ukiishusha, cha chini kinaanza kuonekana kupitia cha juu, hadi mahali ambapo jicho haliwezi tena kusema hiki kimeishia hapa na kile kimeanzia pale. Nilikufundisha hivyo: usiruke, shusha kidogo kidogo, na kabla ya yote tazama mwanga umetoka upande gani, kwa sababu aliyepigwa na jua la asubuhi hawezi kusimama na aliyepigwa na taa ya ukumbini. Niliipenda kazi hiyo. Niliona nawarudishia watu kitu. Na kwa wengi, naamini niliwarudishia kweli.

Spesioza alikuja siku ya soko, ametoka Mwakiro kwa miguu. Wewe ulikuwa shuleni. Aliketi kwenye lile benchi, akafungua kitambaa alichokifunga kiunoni, akatoa picha ndogo ya mtoto wa miaka kama mitatu, amekaa kwenye mkeka, uso wote umekwaruzika isipokuwa macho.

"Huyu ni Odette wangu," akasema. "Tulikuwa tunakimbia, watu wengi, njia iko moja. Nilikuwa nimebeba mdogo wake mgongoni, huyu nimemshika mkono. Walipiga risasi, watu wakaanguka juu yetu. Nilipoamka mkono iko wazi."

Yule mdogo wa mgongoni alifia kambini. Aliniambia hilo vilevile, bila kubadilisha sauti, kama mtu anayetaja vijiji alivyopita. Nikamuuliza anataka nini, niikuze picha?

"Hapana. Mi nataka nimuone vile iko leo. Amekuwa msichana mkubwa. Watu wanasema we unaweza kutengeneza."

Ningeweza kusema siwezi. Neno hilo halikunijia hata kidogo. Niliona ni mtihani mzuri wa kazi yangu, na moyo wangu ukachangamka. Nilimpiga picha yeye mwenyewe. Nikamwomba amlete mpwa wake Goreti, msichana wa rika lile, nikampiga naye. Nikaziweka tabaka tatu: Goreti chini, kwa ajili ya ngozi ya ujana na shingo, Spesioza juu yake, nikamshusha hadi nusu, ili mdomo na mashavu viwe vya mama, na juu kabisa yule mtoto wa kwenye mkeka. Huyo wa juu alinisumbua. Picha yake ilikuwa mbovu, ina mikwaruzo, na kila nilipompandisha aliharibu uso wote, ukawa na madoa kama wa mgonjwa wa surua. Basi nikawa namshusha. Nikashusha, nikashusha, mpaka yakabaki macho tu, nayo kwa mbali. Kingo nikazilainisha kwa brashi laini. Usingeona mshono popote.

Baba yako alitoka nyuma ya pazia na futi shingoni, akainama kwenye kompyuta.

"Nani huyu, Mama Idi? Mzuri kabisa."

"Ni binti wa yule mama wa Mwakiro."

"Iko wapi?"

"Hayuko. Nimemtengeneza."

Alivua miwani. "Basi umezaa nani sasa?" akauliza. Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Spesioza alipokuja kuichukua hakulia. Aliigusa kwenye shavu, kwa mgongo wa kidole, akasema, "Ego, ndiyo. Ni yeye." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Aliitundika juu ya kitanda. Goreti alinisimulia baadaye kwamba shangazi yake alikuwa akiisalimia asubuhi. Shemeji wa Spesioza akaipiga kwa simu, akaituma kwa watu wa kanisani, nao wakaituma kwingine: tunamtafuta huyu, jina lake Odette, alipotea njiani wakati wa vita. Picha ikatembea Muyinga, ikatembea Karuzi, ikafika Gitega. Na hapo ndipo penyewe, mwanangu. Odette alikuwa Gitega. Alikuwa hai, akiuza vitambaa karibu na soko, na jina lake lilikuwa lilelile kwa sababu alipookotwa alijua kulisema. Picha ilimfikia mkononi. Rafiki yake alimwonyesha: tazama, huyu naye ni Odette, naye alipotea kama wewe. Akaitazama, akaona msichana asiyefanana naye hata kwa kucha, akasema, "Masikini, Mungu amsaidie," akaituma mbele.

Mwaka ukapita na zaidi. Bibi aliyemlea alipokuwa mgonjwa wa kufa ndipo alipomwambia kwa kirefu ni njia ipi alimwokota, na karibu na kijiji kipi. Odette akamzika, akapanda gari, akaja Mwakiro kuuliza nyumba kwa nyumba.

Spesioza alikuwa uani anapepeta maharagwe. Odette akajieleza: njia, risasi, mdogo wa mgongoni. Shemeji akaanza kulia. Spesioza akamtazama juu hadi chini. Msichana mfupi, mweusi, paji la uso pana, meno ya mbele yameachana. Akasema, "Si wewe. Mwanangu mi namjua," akaingia ndani akamwonyesha ile picha. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Kesho yake Odette alisimama mbele ya meza yangu. Baba yako alikuwepo. Odette hakunisalimu.

"Ni wewe umetengeneza dada yangu?"

Sikuelewa. Akaweka simu mezani, nikaona kazi yangu.

"Huyu," akasema. "Iko analala kwa mama yangu. Mi nimelala kwa jirani."

Alinieleza yote akiwa amesimama. Alikuwa mtulivu mno. Nilitamani apige kelele. Mwisho akasema, "Umemuweka, kuja umuondoe."

Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa nia yangu, kwamba mama yake ndiye aliyeniomba. Baba yako akanitazama tu, akaenda kufunga cherehani, akaita pikipiki mbili. Njia nzima ya Mwakiro niliikumbatia kompyuta ya mkononi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na nilichokuwa nikiwaza ni kama betri itafika.

Tulimkuta Spesioza ndani. Nikaketi naye kitandani, chini ya ile picha, nikafungua faili. Bahati yangu ni kwamba sikuwahi kuyabana yale matabaka yakawa moja. Kila mmoja alikuwa bado amelala mahali pake. Nikamwambia, "Mama, ngoja nikuonyeshe nilivyofanya." Nikazima tabaka lake yeye. Uso ukabadilika pale pale.

"Huyo ni Goreti," akasema.

"Ndiyo. Ni Goreti." Nikazima la Goreti, nikawasha lake.

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe."

Akasogea karibu na kioo. "Na mwanangu? Iko wapi?"

Nikazima na lake, nikabakiza la juu. Kioo kilikuwa kama kitupu. Palikuwa na ukungu na macho mawili yasiyoonekana vizuri, maana nilikuwa nimemshusha sana. Spesioza akasema, "Simuoni." Nikaanza kumpandisha. Sitasahau nilivyokisukuma kile kitufe, Idi, kidogo kidogo kama nilivyokufundisha, na mtoto akawa anatoka kwenye ukungu na mikwaruzo yake yote: mkeka, magoti, mdomo uliofunguka. Paji la uso pana. Meno ya mbele yameachana. Vyote vilikuwa mle tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyevififisha kwa sababu vilikuwa vinaharibu picha.

Odette alikuwa ameegemea mlango. Hakuna aliyesema "mtazame". Spesioza aliitazama kompyuta, muda mrefu, hadi kioo kikajizima chenyewe. Kisha akainua macho mlangoni.

"Umekula?" akauliza.

"Bado," Odette akasema.

"Kuna maharagwe."

Ni hivyo tu. Nilitegemea wakumbatiane, nikaona aibu kwa kutegemea. Walikwenda jikoni, mmoja mbele mwingine nyuma, sisi tukabaki tukisikiliza sahani. Tulipokuwa tunaondoka Spesioza alinisindikiza hadi barabarani, akageuka akarudi jikoni. Ile picha hakuishusha siku hiyo. Goreti alisema ilikaa ukutani majira mazima ya mvua, na Odette alipokuja kutoka Gitega alilala chini yake, kando ya mama yake. Halafu siku moja haikuwepo.

Baadaye sana walikuja studio wote wawili, wakataka picha. Nikawaweka kwenye benchi. Walikaa mbalimbali, mkono wa Odette umenyooka nusu kuelekea kwa mama yake, kama haujui pa kutua. Kwenye kompyuta ningeweza kuwasogeza pamoja kwa muda wa kuchemsha chai. Niliwachapishia kama walivyokaa. Spesioza aliitazama akasema, "Mi nimezeeka," akaanza kutuletea maparachichi.

Sasa turudi kwako.

Picha yako ni nzuri. Nasema kama fundi: mwanga umeulinganisha, kivuli cha baba yako kinaangukia upande uleule wa chako, mkono umekaa begani bila mshono. Uso umeutoa kwenye ile picha ya harusi ya Goreti, kabla baba yako hajaanza kukonda. Lakini bega lake la kushoto umelinyoosha. Baba yako bega lile lilikuwa chini, Idi, kwa miaka yote ya kuinamia cherehani. Nilikuwa namtambua kwa bega hilo kutoka mwisho wa barabara. Wewe ukaona ni kasoro, na fundi yeyote angeona hivyo, ukalipandisha. Mtu niliyemkuta sebuleni alikuwa na afya, amesimama wima, hakohoi. Nami sikusikia kitu. Nikaogopa kwamba siku nitakayoanza kusikia tena, nitamlilia huyo.

Sikusema hayo kwa sababu siku zile sikuwa na maneno, na kwa sababu uliitengeneza kwa mapenzi, kama nilivyoitengeneza ya Spesioza. Ukitaka kuibeba Gitega, ibebe. Iko nyuma ya kabati, nimeifunga kwa kanga isipate unyevu. Sitakukataza tena. Na huko unakokwenda watakuja watu na vipande vyao, na wengine wataomba kile alichoomba Spesioza. Wafanyie wanaloomba ukiona linafaa. Ila usiwe mwepesi wa kumshusha yule anayeharibu picha, na matabaka yaache mbalimbali hata kama faili litakuwa zito, maana hujui nani atarudi kugonga mlango.

Mvua inapungua. Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya nikae hapa kuandika, ingawa nimelizunguka.

Juzi ulipokuwa unafunga begi ulimwambia shangazi yako, nami nikiwa ukumbini, kwamba kinachokuuma ni kwamba baba aliondoka bila kujua kama umefaulu. Nilisimama pale na beseni la nguo nikashangaa. Nilidhani nilikuambia. Siku zile nilikuwa naongea na watu siku nzima na sijui nilimwambia nani nini. Sasa nimeelewa kwa nini uliuweka ule mkono begani.

Sikiliza. Asubuhi ya matokeo, wewe ulipokwenda shuleni kuyatazama, mwalimu wako alipiga simu kwangu kabla hujafika huko. Baba yako alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Nilipiga magoti, nikamwambia sikioni, "Hamisi, Idi amefaulu." Nilidhani hakusikia. Kisha akageuka, polepole, ikamchukua muda hata kupata pumzi. Akaniuliza, "Amefaulu?" Nikasema ndiyo. Akatazama lile pazia, upande wa cherehani.

"Basi atahitaji koti," akasema.

Akafumba macho. Ulipoingia unakimbia alikuwa amelala, na baada ya hapo hakusema tena neno na mtu yeyote. Koti hakulishona. Lakini alijua, mwanangu, na alikuwa tayari anakupima.

Mama yako